Isoken Alipofuta Vipodozi

Ronke, usinipigie. Mdomo umevimba. Niko kituo cha polisi Surulere na Isoken. Ndiyo, yule yule mwigizaji.

Leo studio alifuta vipodozi mwenyewe. Miaka yote ninayompiga picha hajawahi. Chini ya jicho pamevilia damu, peusi tii. Akasema, "Ibinabo dada yangu, nipige hivi hivi. Nakuamini wewe tu."

Nikampiga picha.

Mara akaingia Gbolahan, mumewe, ndiye pia meneja wake. Akaiona picha kwenye kompyuta. Hata sauti hakupandisha. "Futa."

Nikamwambia, "Uso ni wa Isoken. Yeye ndiye wa kuniambia nifute."

Ronke, alinipiga ngumi ya mdomo. Nikaanguka na taa, vioo kila mahali. Akanikanyaga mkono. "Futa, mchawi wewe."

Isoken akanyanyua stendi ya taa, ile ya chuma, akamtandika nayo begani. Jamaa chini. Akamtandika tena, na tena. Damu mpaka kwenye pazia jeupe.

Nikamkumbatia kwa nyuma. "Inatosha, utamuua."

Akaketi, anahema, damu ya mumewe shavuni. "Kamera ni nzima? Basi piga."

Sikupiga. Nilimfuta damu kwanza, ndipo nikaita polisi.

Gbolahan yuko hospitali, mzima. Ile picha ya jicho Isoken ameirusha mwenyewe mtandaoni.

Sasa hivi afande mmoja kamwomba selfi. Isoken akaninyooshea kidole. "Muulize huyu."

Nimetikisa kichwa. Afande karudi mezani kwake.