Aliyemwita Bwana Mifugo

Mjomba wangu uliyelala,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Aliyemleta bwana mifugo siku ile hapa kwako Mnyambe ni mimi.

Sikukuchongea, Mjomba. Alikuja shuleni kwetu Newala kutufundisha habari za ugonjwa wa kimeta. Akasema mnyama wa shughuli akichinjwa nyumbani lazima akaguliwe, kabla na baada, ndiyo sheria. Mwenye swali aulize. Unanijua, mbele za watu mdomo wangu unakufa. Nikaandika kwenye karatasi, Kiingereza nusu, Kiswahili nusu: je, mbuzi wa Jumamosi kwa mjomba wangu Mnyambe, wa kumtoa binamu jandoni, naye anahesabiwa? Nilitaka jibu tu. Jibu likaja na pikipiki.

Mbuzi alikuwa ameshaning'inizwa kwenye mkorosho, ngozi imeshuka nusu. Watu wakanuna.

"Nyama ya nyumbani toka lini ikaombewa ruhusa?"

"Nani kachoma utambi?"

Macho yakamwendea jirani yako Mama Salumu, kwa kuwa tu kazi yake ilikuwa kufagia ofisi ya kata, wanakopita watu wa serikali. Mimi nimeshika beseni la utumbo, nikajifanya nauosha.

Wewe hukugombana. Ulifuta kisu, ukamkaribisha mgeni, ukamwonyesha ini ulilolitenga kwenye jani la mgomba. "Hili nimelikataa kabla hujafika, lina minyoo. Sasa nionyeshe nisichokiona." Akapasua mapafu, akakuelekeza tezi, na wewe, mchinjaji tangu ujana wako, ukachuchumaa ukisikiliza.

"Leo fundi kaanza darasa la kwanza!" shemeji yako akakutania. Ulicheka kuliko wote. Kisha ukasema, "Aliyemwita kafanya kazi yangu. Mwacheni."

Hawakumwacha Mama Salumu; wakamtenga.

Tangu hapo hukushika kisu kabla ya kupita ofisini kwa bwana mifugo. Watu wakasema umekuwa mwoga. Mimi najua mwoga yukoje, maana naishi naye ndani ya ngozi yangu. Wewe hukuwa hivyo hata kidogo. Natamani ningekwambia ukiwa hai jinsi nilivyokuona mkubwa pale ulipochuchumaa.

Kesho ni arobaini yako. Bwana mifugo kaitwa na Mama mwenyewe, dada yako, ndivyo ulivyotuzoesha. Lakini sasa hivi Mama Salumu kaja na ungo wa kunde za shughuli, Mama akamkatalia mlangoni: "Asante, zimetosha." Kageuka na ungo wake. Nimemwona dirishani, nikanyamaza tena.

Namsikia Mama, kandambili zinakuja huku. Barua hii nilitaka kuificha chini ya daftari. Sasa naiacha mezani, maandishi juu. Akiisoma upesi, tutamwahi Mama Salumu kabla hajafika kwake.

Pumzika, Mjomba.

Mpwa wako