Uzoefu wa Miaka Ishirini

Kaka yangu mpendwa,

Huku sote wazima, ila mama na goti lake. Paa la karakana linavuja. Nimetega ndoo katikati ya cherehani mbili.

Ndiyo, mbili. Ile ya kudarizi uliyoninunulia nimeiuza.

Unakumbuka tulivyogombana ulipoingia ofisi ya kudhibiti uwekezaji? Ulisema wasio na uzoefu wazuiwe kuweka hela kubashiri bei za mafuta. Nikakufokea, "Jasho langu mwenyewe, mnanifanya mtoto?"

Basi majuzi nikajiunga na ubashiri huo kwa simu. Fomu iliuliza, "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Nikajaza ishirini, kifua mbele. Si ndiyo miaka niliyoshona? Wakanipokea. Nikaweka hela yote ya cherehani. Bei ikaporomoka, na wiki haikuisha sina hata ya uzi.

Nimelalamika kwenye ofisi yenu. Wamenijibu kwa adabu kwamba sheria haiwalindi wazoefu.

Mama usimwambie. Wala usinitumie kitu, na sijabadili msimamo: hela ilikuwa yangu. Ila ile fomu, kaka, iongezeeni maneno mawili tu: wa nini?

Mdogo wako,
mwekezaji mzoefu