Kaka Elia, Moto Haukurudi kwa Kosa Lako

Kaka yangu Elia,

Nimekaa na hasira tangu tulipokuzika, na leo nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyesingiziwa. Naiandika wazi ili na wengine wasome.

Unakumbuka ulivyonifundisha kazi. Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka Tanzania tulikokulia, wazazi wameshika jembe Nyarusange, na wewe umefungua kibanda cha kuchomelea vyuma hapa Nyamugari, mjini Gitega. Watu walikushangaa kumfundisha dada yako kushika moto. Ukawaambia chuma hakiulizi kimeshikwa na nani. Lakini siku ya kwanza hukunipa moto. Ulinipa kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, kile kinachofungwa kati ya mtungi wa gesi na mpira unaopitisha gesi, ukanieleza kazi yake: moto ukigeuka ukaanza kurudi nyuma ndani ya mpira, uzimikie hapo, usifike kwenye mtungi. "Bila kizuia-moto hatuwashi," ulisema. "Hata kama mteja ni mfalme."

Na siku ile Giheta, tulipokwenda kukata fremu ya lori bovu karibu na soko. Ulikuwa umeinama, mara ule mkono wa kukatia, unaotoa moto, ukalia "pa" ukaanza kupiga mluzi. Mimi nilikimbia. Wewe ulifunga oksijeni, ukafunga gesi, ukasubiri. Mpira haukupasuka. Niliporudi nikakukuta umeshakifungua kizuia-moto, ndani kimeungua cheusi. Nilidhani utakifuta kirudi kazini.

"Kimeshafanya kazi yake," ukasema. "Kimestaafu."

Ukakataa kuendelea mpaka kipatikane kingine, na mwenye lori analalamika pembeni yetu. Tulirudi mjini kazi haijaisha, mimi nimenuna njia nzima, wewe unaimba.

Huyo ndiye mtu waliyemwita mzembe.

Ulipoitwa Muyinga kwenye karakana ya yule tajiri wa malori, ulinipigia simu jioni ya kwanza ukiwa na furaha. Vifaa vyote vipya, ukasema, vinang'aa, na vizuia-moto vipo kwenye kila mtungi, ulivikagua mwenyewe kabla ya kuwasha. Nilikusikia ukicheka. Ndiyo sauti yako ya mwisho niliyo nayo.

Aliyenipa habari ni Byamungu, yule Mkongo wa Kivu ya Kusini uliyekuwa ukifanya naye kazi kule. Alilia kwanza, ndipo akaweza kusema.

"Dada, moto ilirudi. Ilipita mule mu mpira, ikaenda mpaka ku chupa ya gesi, ikapasuka. Elia alikuwa anafunga. Hakukimbia, alikuwa anafunga."

Nilipofika Muyinga kukuchukua, tajiri alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Kisha akawaambia waliokuja kutoa pole, mimi nikiwa nimekaa pale pale, kwamba ni bahati mbaya, soudeur, yaani mchomeleaji, alifungua gesi vibaya, na mipango ya Mungu haina mjadala. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kaka, nilitamani kusimama, ila nilikuwa na maiti yako ya kusafirisha.

Baada ya mazishi nilirudi kule. Byamungu alikuwa amefungua kizuia-moto cha mtungi wa pili, ndugu wa kile chako, vilivyonunuliwa pamoja. Tukakibana kwenye jiliwa, nikakikata kwa msumeno. Ndani palitakiwa kuwa na kile kichujio kigumu cha chuma chenye vitundu visivyoonekana, ulichonionyesha mara nyingi, ambacho moto ukiingia unapoa na kufa. Hapakuwa na kitu, kaka. Springi nyembamba, basi. Bomba tupu lililopakwa rangi na kuchorwa mshale.

Nikampelekea tajiri vipande viwili mezani kwake.

"Mi nilinunua dukani kama watu wote," akasema. "Nimedanganywa, sawa na wewe."

"Wewe umedanganywa uko mzima. Kwa nini ulisema Elia alikosea?"

"Watu walikuwa wanauliza. Ilibidi niseme kitu."

Akanitajia duka. Liko hapa hapa Gitega. Mwenye duka alivigeuza vile vipande, akanirudishia kwa upole. "Mama, naletewa katoni imefungwa. Mi sipasui kitu cha kuuza." Nyuma yake vingine kama hicho vimening'inia kwenye misumari, na mpaka naandika bado vipo. Nilikwenda kushitaki kwenye ofisi ya serikali, wakaniambia nisubiri. Kila mmoja ana mikono misafi. Aliyetengeneza hajulikani, aliyeleta hajui, aliyeuza hakufungua, aliyenunua alidanganywa. Mwenye kosa akabaki ni marehemu, kwa sababu marehemu hajibu.

Basi nikajibu mimi. Nimepita karakana za Nyamugari moja moja na vile vipande mkononi. Mafundi wengi wamekata vya kwao mbele yangu. Vingine vilikuwa vizima, na wenyewe walisikitika kuviharibu. Vingine vilikuwa vitupu kama chako, na hao walikaa chini. Siku hizi hawanunui kwenye lile duka. Ni kidogo, najua.

Juzi tulimaliza matanga yako Nyarusange. Tajiri alikuja na gari, amebeba vinywaji. Nilimzuia njiani, nikamwambia kinywaji chake hakitaonjwa mpaka aseme ukweli mbele ya mama. Alibisha, akawaangalia mafundi waliosimama nyuma yangu, na Byamungu kati yao, akaingia. Akasimama mbele ya watu akasema kifaa kilikuwa kibovu, Elia hakukosea.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakumshukuru. Akasema, "Mwanangu ulimchafulia jina Muyinga. Huku Nyarusange tulikuwa tunamjua. Nenda ukayaseme kule."

Hajaenda bado. Jumatatu mimi na mama tunapanda gari la Muyinga.

Pumzika, kaka. Sisi bado hatujapumzika.

Mdogo wako,
fundi wa Nyamugari