Firigisi ya Baba Yako

Nsemulwa, Jumapili

Mwanangu Restituta,

Huku tu wazima, na mahindi ya shamba la Mwamkulu yamebeba. Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu baba yako anasikia, na tangu uolewe bila ruhusa yake hataki jina lako litajwe humu ndani.

Yule kuku wa chenga za mkate uliyenielekeza kwa simu ya jirani nimempika. Mbona hukuniambia wa kienyeji achemshwe kwanza? Wa kwanza aliungua nje, ndani mpira mtupu! Leo wa pili nimemchemsha, nikamchovya kwenye yai, nikamgaragaza kwenye chenga, nikamkaanga taratibu mpaka akakauka vizuri.

Baba yako alikula, akalamba vidole. Firigisi hakuigusa, na unajua humu ndani hakuna mwingine aliyewahi kuila. Nikamuuliza kama ina kasoro. Akaifunika kwa kisahani, akasema, "Mwekee huyo aliyekufundisha."

Nimeipaka chumvi nikaianika, lakini haitakaa sana. Njoo na mume wako.

Mimi mama yako,
Pudensiana