Ile Sauti Uliyotutumia Kuhusu Chanjo

Kijiji cha Namalaka,
Zomba, Malawi.
3 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Dalitso,

Nakusalimu nimepiga magoti, kama nilivyofunzwa. Kifua kimepona? Baridi ya Johannesburg isikuonee. Huku tu wazima, mahindi mabichi yapo tele, na Bibi anachoma asubuhi na jioni mpaka nguo zetu zote zinanuka moshi.

Barua hii nimempa dereva wa basi makusudi. Kukubishia kwenye kundi la ukoo la simu, watu wote wakisoma, nisingethubutu.

Ni ile sauti ya daktari uliyotutumia, anayesema chanjo ya wasichana inawafanya tasa. Hukuongeza neno lolote. Lakini wewe ndiye mkuu wa ukoo wetu, na kitu akikituma mjomba, huku kimeshakuwa amri. Dada zangu wote waliwaficha mabinti zao manesi walipokuja. Nami nikamzuia binti yangu Yankho.

Roho haikutulia. Nikaisikiliza tena mpaka mwisho, maana sote tuliishia katikati. Mjomba, yule daktari hataji hospitali wala jina lake kamili, na mwishoni anauza dawa yake ya chupa! Na ile picha iliyokuja na sauti hiyo, ya msichana aliyelala chini, nikaitafuta mtandaoni. Ni ya zamani, ya nchi nyingine, watoto walikuwa wamekula chakula kibovu.

Nikamwendea nesi wa zahanati, wala hakunicheka. Alisema mkono utauma, pengine na homa kidogo, ila utafiti wa miaka mingi haujaona utasa. Taarifa za wizara nazo zinasema hivyo hivyo.

Nilipomweleza Bibi alipiga makofi kwa mshangao. “Kumbe ni muuza chupa! Basi aliyeufunga mlango aufungue mwenyewe. Wewe ukisema, watasema umemdharau mjomba wako. Mimi nikisema, watasema nimezeeka.”

Chanjo hii inakinga saratani ya mlango wa kizazi, ile ile iliyotunyang'anya Mama mdogo Feliya. Wewe ndiye uliyembeba kwenda hospitali. Najua ulituma kwa kutupenda, na sina kinyongo.

Manesi wanarudi mwisho wa mwezi. Tutumie sauti yako, hata maneno mawili. Nina hakika wote watakwenda.

Msalimie Mama Gertrude na Kondwani. Yankho naye anakusalimu. Anasema sindano haiogopi, anachoogopa ni kukuvunjia heshima. Mwondolee hofu hiyo, Mjomba.

Mungu akulinde kazini na safarini.

Mimi mpwa wako nikupendaye sana,
Tamandani