Mwite Kukuli

Luricocha, 4 Machi 1999

Mdogo wangu Nilda,

Salamu kutoka huku mlimani. Magoti yangu yanalalamika kama kawaida, viazi vimekubali mwaka huu, na nguruwe ana afya kunishinda. Wewe je, kikohozi cha baridi ya huko Santiago kimekuachia? Nimeanza na nguruwe kwa sababu habari nyingine inanitisha.

Binti yako Edelmira alitumbukia kwenye mfereji wa mashamba. Tulia, yuko hai, hata mkwaruzo hana. Jirani Teófilo alimvuta kwa kola. Lakini tangu siku hiyo halii. Yule aliyekuwa akilia kisa kiazi kimevunjika sahanini, juzi nilimmwagia supu mguuni kwa uzembe wangu, akanitazama tu. Hacheki, hagombi, haniiti. Mbwa wa Teófilo alimbwekea usoni, naye akasimama kama gogo.

Nilifanya unavyojua. Roho yake imebaki pale alipoogopea. Nilichukua sweta lake, nikalipunga juu ya mfereji nikiita, "Luz Edelmira, njoo, twende nyumbani, usibaki hapo," nikaliburuta njia nzima bila kugeuka nyuma, nikijikwaa kama mlevi, majirani wakijikaza wasicheke. Nikamvika. Hakuna kitu. Muuguzi wa zahanati kampima: mapafu mazima, masikio mazima. Akasema nimwongeleshe. Nimemwongelesha mpaka nguruwe kachoka kusikiliza.

Naogopa, Nilda. Mtoto wa miaka mitano, na macho ya mgeni.

Dada yako,
Eudocia

Santiago, 19 Machi

Dada Eudocia,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, woga umechukua nafasi yake. Barua yako nimeisoma jikoni mwa matajiri wangu, mtoto wao ninayemlea akining'inia shingoni. Huyu, mama yake akivaa koti tu, anaangusha nyumba kwa kilio. Mama akirudi, anamnunia kwanza, ndipo amkumbatie. Zamani niliona ni kudeka. Siku hizi naona analia kwa sababu anaamini yupo atakayesikia. Wangu halii. Unaelewa kwa nini silali?

Halafu, samahani dada, ulimwita Luz Edelmira? Hilo ni jina la ubatizo, la kuandikwa na padri. Nani humo ndani kawahi kumwita hivyo? Roho yake ingejuaje kama inaitwa yenyewe? Labda ilidhani anatafutwa mtu wa serikali. Mimi nilimnyonyesha nikimwita Kukuli, njiwa wangu. Rudi mferejini. Mwite Kukuli.

Na uniambie kweli: alikwenda kufanya nini huko peke yake?

Mdogo wako,
Nilda

Luricocha, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na kejeli yako nimeistahili. Nilidhani jambo zito linataka jina zito. Basi nilirudi mferejini, nikaita Kukuli mpaka koo likakauka, nikamvika sweta. Akalala vilevile, kimya.

Kesho yake mchana nilikuwa namenya maharage, nikamwambia, "Mama yako anakusalimu." Akasema, bila kuinua uso, "Mama yangu amekufa."

Niliyaacha maharage. Nikamuuliza nani kasema. Ndipo ikatoka yote. Msichana mmoja mkubwa wa shule alimwambia kwamba akina mama wanaokwenda kufanya kazi Chile hufa hukohuko, na barua zao huandikwa na dada zao, ili watoto wasisumbue. Siku ile alikuwa akilifuata basi akakutafute, akakata njia kando ya mfereji.

Nikamwambia uko hai. "Muongo wewe, mama mkubwa." Akanirukia kwa ngumi, akanivuta nywele, na unajua zilizobaki ni chache, akalia mpaka akatapika. Nilimshika tu. Nami nikalia, sijui kwa furaha au kwa kichwa kuuma. Muuguzi anasema afadhali. Kwake ni rahisi, hakupigwa yeye.

Sasa ni zamu yako, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Usimtumie mwanasesere. Usiandike kwamba unakuja kama huji. Roho hii ikirudi halafu ikadanganywa, sijui tena tutaiita kwa jina gani.

Dada yako,
Eudocia

Luricocha, 30 Mei

Nilda,

Natumaini u mzima, maana hujajibu. Kukuli husikiliza kila basi likipita, kisha hunyamaza. Kimya hicho nakijua, nakiogopa. Jana aliniamuru nishike kalamu. Nilitaka kuanza na salamu, akanikataza. Ninaandika neno kwa neno:

"Mama. Nina hasira. Mama mkubwa anasema hasira si ugonjwa. Kama umekufa, usijibu. Kama uko hai, njoo nikukasirikie hapa."

Mimi sina la kuongeza.

Eudocia

Santiago, 9 Juni

Kukuli mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima. Mama mkubwa atakusomea haya, ila yameandikwa na mimi. Sikujibu kwa sababu alinikataza kusema nakuja kabla sijaweza kuja, na matajiri wangu walikuwa bado hawajaniachia. Sasa wameniachia. Nimekata tiketi.

Nitashuka kwenye basi nikitetemeka, kwa sababu labda hutanijua, au utanijua na hutanitaka. Hilo naliogopa kuliko kitu chochote. Nitashuka hivyohivyo.

Hasira yako usimgawie mtu mwingine. Yote ni yangu.

Mama yako