Lisbonne Ndiyo Juu, Bruxelles Ndiyo Chini

Jumapili. Mvua inanyesha Kisangani tangu misa ya asubuhi, umeme umekatika, na mimi nina furaha ya kipumbavu. Niandike kabla simu haijazimika.

Kaka zangu wawili hawakuwa wakisemezana tangu matanga ya papa, baba yetu. Yaya Dieudonné, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya, ndiye wa kwanza, anaishi Lisbonne, Ureno. Yaya Trésor yuko Bruxelles, Ubelgiji. Hakuna aliyefika kumzika papa, na kila mmoja akamtupia mwenzake lawama. Mkubwa alisema hawezi kumfuata mdogo wake. Mdogo alisema amechoka kujishusha. Mimi, kitinda mimba, nikabaki katikati nikipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Mama alikuwa ameniambia haogopi kufa. Anaogopa kuzikwa na watoto wasiosalimiana.

Wiki iliyopita, akifunga liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani, aliniuliza hiyo miji imeachana kiasi gani. Nikatafuta kwenye simu: kilomita kama elfu moja na mia saba, ndege inachukua karibu saa tatu. Akabaki ameshika majani. Kwa mtumbwi, akasema, saa tatu hazitufikishi hata Isangi, hapo chini ya mto.

Kisha akauliza swali ambalo mtu wa Yanonge tu, kwao mama kando ya mto, angeuliza.

"Kati yao, nani iko ku juu, kwenye mai inatokaka?"

Nilicheka sana. Nikamweleza kwamba angani hakuna mto, wala upande maji yanakotoka. Yeye hakucheka. Kwao watu wakikosana, anayekaa juu ndiye anayeshuka kwanza, awe mkubwa awe mdogo, maana maji yanambeba. Hakuna anayeweza kusema amejidhalilisha.

Basi nikatazama tena, ili nimridhishe tu. Kumbe ndege ya kutoka Lisbonne kwenda Bruxelles hutumia muda mfupi kidogo kuliko ya kurudi, kwa sababu mara nyingi upepo wa magharibi unaisukuma.

"Bon. Dieudonné njo iko juu," mama akasema. "Ashuke."

Nilirekodi sauti yake, nikaituma Lisbonne. Siku mbili kimya. Nilijua tumemuudhi, na nililia kidogo bafuni. Siku ya tatu akatuma picha ya tiketi ya Bruxelles.

Leo mchana ametua. Mama na mimi tulikaa barazani tukijifanya tunachambua maharagwe, simu katikati yetu. Ikaingia sauti iliyorekodiwa na Trésor pale uwanja wa ndege. Makelele ya watu, magurudumu ya masanduku. Mwishowe Trésor mwenyewe, kwa sauti ndogo:

"Yaya, ulikula?"

 Dieudonné alikuwa analia.

Mama alinirudishia simu bila kunitazama, akaingia jikoni. Sasa anaimba nyimbo za kanisa, vibaya kabisa, na ninamwacha aimbe. Jioni ya leo sijiulizi tena kama kaka zangu watasalimiana.